Kimono na Mavazi ya Jadi ya Kijapani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo watu huyarudia kila kimono inapotajwa, awe mtu aliyeiona kwenye filamu, aliyerudi safari na picha za Kyoto, au aliyeokota moja kwenye rundo la mitumba asijue aivae upande gani. Mengi huja na neno moja: asili. Kimono ya asili ni ipi? Inategemea unauliza karne gani, na hiyo ndiyo sababu ya ukurasa huu kuwa mrefu. Maswali yamepewa namba ili tusirudie jambo mara mbili.

## Mambo ya mwanzo

1. Neno "kimono" lina maana gani?

Ki linatokana na kitenzi kiru, kuvaa. Mono ni kitu. Kimono ni kitu cha kuvaa, yaani nguo, basi. Kwa muda mrefu Wajapani hawakuhitaji neno hilo libebe zaidi ya hapo, na nguo zenyewe ziliitwa kwa majina yake mahususi, kama kosode (tazama swali la 8).

Maana ilifinywa katika enzi ya Meiji, iliyoanza 1868, suruali na makoti ya Kizungu yalipoingia. Hapo ndipo palipohitajika kutofautisha: wafuku ni nguo za Kijapani, yofuku ni nguo za Kizungu, na kimono likabaki jina la lile joho refu lenye mikono ya mraba. Ni kama sisi na simu. Kabla ya simu ya mkononi, nani alisema "simu ya mezani"?

2. Kwa Kiswahili, wingi wake ni "vimono"?

Swali halikwepeki. Kiswahili kina mazoea ya kuchukua neno geni linaloanza na ki- na kulitumbukiza katika ngeli ya KI-VI. Kitabu kilitoka Uarabuni kikazaa vitabu, na kipilefti cha barabarani kikazaa vipilefti. Kwa mantiki hiyo vimono si kosa la kumcheka mtu.

Hapa tunasema kimono hii, kimono hizi. Ki ya Kijapani ndiyo yenye maana ya kuvaa. Ukiing'oa ukaweka vi, umeshamvua mtu nguo.

3. Je, kila vazi la jadi la Japani ni kimono?

Hapana. Hakama ni vazi la chini lenye marinda mapana, huvaliwa juu ya kimono. Wengine wanalijua kutokana na mchezo wa aikido. Haori ni koti fupi la juu, halifungwi kwa mshipi bali kwa kamba ndogo kifuani. Yukata ni kimono nyepesi ya pamba isiyo na bitana. Jina lake linatokana na yukatabira, nguo iliyovaliwa kwenye bafu la mvuke, ndiyo maana hadi leo nyumba za wageni zenye chemchemi za maji moto humpa mgeni yukata badala ya taulo na kanga. Happi ni kijikoti cha sherehe za mtaani na cha mafundi.

Obi ni mshipi. Zori ni ndara, geta ni mitalawanda, na tabi ni soksi zilizogawanyika penye kidole gumba ili kanda ya ndara ipite.

4. Kimono ilitoka China?

Mizizi, ndiyo. Vazi lenyewe, hapana. Katika karne ya 7 na ya 8 watawala wa Japani waliiga mengi kutoka China ya ukoo wa Tang: mwandiko, sheria, mpango wa miji, na mavazi ya ofisini. Mwaka 603 ulianzishwa utaratibu wa vyeo 12 uliotambulishwa kwa rangi ya kofia. Hadi leo hariri ya kimono rasmi huitwa gofuku, maana yake nguo za Wu, na Wu ni eneo la China ya kale.

Lakini mwaka 894 Japani iliacha kupeleka ujumbe Tang, na kuanzia hapo mavazi yakaenda njia yake. Anayesema kimono ni nguo ya Kichina ni sawa na anayesema Kiswahili ni Kiarabu kwa sababu ya maneno ya mkopo. Unajua la kumjibu.

## Enzi kwa enzi

5. Kabla ya kimono watu walivaa nini?

Kumbukumbu za Kichina za karne ya 3 zinaeleza watu wa Wa, kama Japani ilivyoitwa wakati huo. Wanaume walijifunga kitambaa mwilini bila kushona sana, na wanawake walivaa kitambaa chenye tundu katikati ambapo kichwa hupita. Baadaye, katika enzi ya makaburi makubwa ya vilima, sanamu za udongo ziitwazo haniwa zinaonyesha watu wenye nguo za vipande viwili: koti juu, suruali au sketi chini. Michoro ya kaburi la Takamatsuzuka, iliyogunduliwa 1972, ina wanawake waliovaa sketi ndefu za marinda.

Kwa hiyo ukimrudisha Mjapani wa leo miaka 1,300 nyuma akiwa na kimono yake "ya asili", wenyeji wangemshangaa.

6. Kwa nini upande wa kushoto hulala juu ya wa kulia?

Kwa amri. Mwaka 719, katika enzi ya Nara, serikali iliagiza watu wote wafunge nguo kwa namna moja, upande wa kulia ukitangulia mwilini na wa kushoto ukiufunika. China nayo ilikuwa na desturi hiyo, na kufunga kinyume kulionekana ni ushenzi wa watu wa nje. Wanaume na wanawake hufunga sawa. Hakuna tofauti ya vifungo kama ilivyo kwenye mashati.

Kinyume chake, kulia juu ya kushoto, ni namna ya kumvisha maiti. Nilijifunza hilo kwa aibu. Usiku wa kwanza katika nyumba ya wageni yenye maji moto, nilijifunga yukata kama ninavyofunga shuka, bila kufikiri. Katika ujia nikakutana na bibi mmoja aliyetoka kuoga. Hakusema neno. Alinishika mkono, akafungua mshipi wangu palepale, akageuza upande mmoja ukaenda chini, mwingine ukaja juu, akafunga tena na kunipiga kofi dogo begani kama mtoto anayepelekwa shule.

Ukisahau, tumia kanuni hii: mkono wako wa kulia uweze kuingia kwenye pengo la kifuani.

7. Junihitoe ni kweli nguo kumi na mbili?

Jina linasema hivyo, idadi haikuwa hivyo kila mara. Hili ndilo vazi la wanawake wa ikulu katika enzi ya Heian (794–1185), makao makuu yalipokuwa Kyoto. Juu ya nguo ya ndani na hakama nyekundu waliongeza joho juu ya joho, kila moja likiwa pana kidogo kuliko la juu yake, hata pembezoni mwa mikono na ukosini ukaona mistari ya rangi kama kurasa za kitabu. Uzito wa seti nzima hufika kilo 15 hadi 20 hivi.

Mapambo yaliyochorwa hayakuwa na uzito mkubwa wakati huo. Ustadi ulikuwa katika kupanga rangi, kwa utaratibu uitwao kasane: mpangilio wa maua ya mplamu kwa msimu wake, wa majani ya vuli kwa wake. Aliyekosea msimu alisemwa vibaya. Rangi nyingine, kama zambarau iliyokolea, zilikatazwa kwa wasio na cheo.

Vazi hili halijafa. Oktoba 2019 Malkia Masako alilivaa katika sherehe za kutawazwa kwa Mfalme Naruhito.

8. Nguo ya ndani ilikuwaje ikawa vazi la taifa?

Hapa ndipo kiini cha habari yote. Chini ya majoho yale mazito ya Heian kulikuwa na nguo moja nyepesi ya kushika jasho, kosode. Maana yake ni mkono mdogo, na udogo unaosemwa ni wa tundu la kutolea kiganja, si urefu wa mkono. Majoho ya juu yalikuwa na mikono iliyoachwa wazi mwanzo hadi mwisho. Kosode ilishonwa ikabaki nafasi ya kutosha mkono tu. Watu wa kawaida, wakulima na wachuuzi, walivaa nguo za mtindo huohuo kama nguo yao pekee, kwa sababu huwezi kulima ukiburuta mikono ya mita moja.

Mamlaka yalipohamia kwa wapiganaji, kuanzia serikali ya Kamakura mwishoni mwa karne ya 12, ikulu ikapungukiwa na fedha na nguvu. Familia za samurai hazikuwa na haja ya kilo 20 za hariri. Joho moja likavuliwa, kisha jingine. Katika enzi iliyofuata, ya Muromachi, wanawake wakaacha na hakama, na kosode ikabaki peke yake hadharani, imefungwa kwa kamba nyembamba kiunoni. Ilipokuwa ndiyo inayoonekana, ikaanza kupambwa. Kufikia karne ya 16 kosode za matajiri zilikuwa na dhahabu, tarizi na maua yaliyofungwa kwa uzi na kuchovywa rangi.

Kimono unayoiona leo kwenye harusi ni kosode hiyo. Hebu fikiria vazi la heshima la taifa zima limetokana na shimizi.

9. Ni kweli serikali iliamua watu wavae rangi gani?

Katika enzi ya Edo (1603–1868), ndiyo, na mara nyingi. Nchi ilitulia, biashara ikanawiri, na wafanyabiashara, waliohesabiwa kuwa tabaka la chini, wakawa na fedha kuliko samurai waliowadharau. Wake zao walivaa kuliko wake wa mabwana. Serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi, ikatoa amri za kubana anasa. Ya 1683 ilikataza, miongoni mwa mengine, tarizi za nyuzi za dhahabu na kitambaa kilichofungwa vidoti vya kanoko mwili mzima, kazi ya vidole ya miezi mingi.

Watu walitii, kwa namna yao. Wakaachiwa kahawia, kijivu na buluu ya nili? Basi wakazigawa rangi hizo hadi kukawa na msemo wa kahawia 48 na kijivu 100, kila moja na jina lake, nyingine zikiitwa kwa majina ya waigizaji maarufu wa kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani. Wakakatazwa mapambo ya nje? Wakayaweka ndani. Nimewahi kushika haori ya mwanamume, kuukuu, nyeusi tii, haina hata mstari. Muuzaji akaigeuza. Bitana yake yote, mgongoni, ilikuwa mlima Fuji wenye theluji na wingu limeukata katikati. Mwenye koti ndiye aliyejua, na yule aliyempokea koti mlangoni.

Marufuku hayo pia yalikuza ufundi mpya. Tazama yuzen katika swali la 16.

10. Mshipi mpana namna ile ulianza lini?

Mwanzoni obi ilikuwa kamba au utepe wa sentimita chache, kazi yake kuzuia nguo isifunguke. Ndani ya enzi ya Edo wa wanawake ulipanuka hadi kukaribia sentimita 30 na kurefuka, ukazaa mafundo ya kila aina. Fundo lilikaa mbele, ubavuni au nyuma kwa kupenda kwa mvaaji. Lilipokuwa kubwa mno likahamia mgongoni likatulia huko. Fundo la ngoma, taiko, ndilo la kawaida leo, na lilianza mwanzoni mwa karne ya 19. Inasemekana wanawake wa mji wa Edo, Tokyo ya leo, walilibuni wakiadhimisha daraja la mviringo la hekalu la Kameido.

Mshipi ulipopanda kifuani, mikono ikashindwa kusogea. Ndiyo sababu kimono ya mwanamke ina uwazi chini ya kwapa na mkono wake unaning'inia, wakati ya mwanamume, anayefunga mshipi mwembamba chini ya tumbo, mkono wake umeshonewa mwilini karibu wote.

11. Nguo za Kizungu ziliingiaje?

Kutoka juu kwenda chini, na kwa wanaume kwanza. Mwaka 1871 wanaume waliruhusiwa kukata nywele zao za kifundo, 1872 serikali ikafanya mavazi ya Kizungu kuwa rasmi kwa sherehe zake, na 1873 Mfalme Meiji akapigwa picha akiwa na sare ya kijeshi ya mtindo wa Ulaya. Sababu ilikuwa ya kisiasa. Japani ilikuwa imefungwa na mikataba isiyo ya haki na mataifa makubwa, na viongozi waliamini kwamba watachukuliwa kuwa sawa wakionekana sawa.

Malkia aliwahimiza wanawake mwaka 1887 kwa hoja ya werevu: nguo za vipande viwili, juu na chini, ndizo zilizokuwa za Japani ya kale (rudi swali la 5), hivyo gauni la Kizungu liko karibu na mila kuliko kimono. Wengi hawakumfuata. Gauni la Ulaya lilikuwa ghali, lina kamba za kubana kiuno, na huwezi kuketi sakafuni nalo. Wasichana wa shule walipata njia ya katikati: kimono juu, hakama chini, buti miguuni. Wahitimu wa kike wa vyuo huvaa hivyo hadi leo.

Mwaka 1925 mtafiti Kon Wajiro alisimama na wenzake katika mtaa wa Ginza, Tokyo, wakihesabu wapita njia. Wanaume 67 katika kila 100 walivaa Kizungu. Wanawake: mmoja.

12. Nimesikia wanawake waliacha kimono baada ya moto wa duka kubwa. Kweli?

Hadithi hii inapendwa sana. Desemba 16, 1932 duka la ghorofa la Shirokiya, Tokyo, liliungua na watu 14 wakafa. Ikasemwa kwamba wafanyakazi wa kike waliokuwa wakiteremka kwa kamba walitumia mkono mmoja kushika pindo, maana hawakuvaa chupi, wakaanguka; na kwamba kuanzia siku hiyo wanawake wa Japani wakavaa chupi na magauni.

Moto ulitokea. Yaliyobaki yanatia shaka, na mtafiti Inoue Shoichi ameyapinga kwa kirefu. Mabadiliko yenyewe yalikuwa ya polepole: kazi za ofisini, mabasi na treni, sare za shule, vyerehani vya nyumbani, na tetemeko kubwa la 1923 lililoteketeza makabati ya nguo ya Tokyo. Pia katika miaka hiyo kimono haikuwa inakufa hata kidogo. Hariri ya bei nafuu iitwayo meisen, yenye michoro mikubwa ya rangi kali, ilivaliwa na wasichana wa mjini kila siku.

13. Basi ni nini kiliiondoa mitaani?

Vita na njaa. Mnamo Julai 7, 1940 utengenezaji na uuzaji wa bidhaa za anasa ulipigwa marufuku, na kimono za thamani zimo. Wanawake wakaingia katika monpe, suruali pana za shambani zilizofungwa vifundoni, nyingi zikiwa zimeshonwa kutokana na kimono zilizofumuliwa.

Baada ya kushindwa mwaka 1945 chakula mijini hakikutosha. Watu walipanda treni kwenda vijijini na vifurushi vya kimono, wakirudi na mchele na viazi. Waliyaita maisha ya chipukizi la mwanzi: chipukizi hilo humenywa ganda baada ya ganda, na familia ilijimenya kimono baada ya kimono, ya arusi ikibaki ya mwisho.

Uchumi uliponyanyuka, nguo za dukani zilikuwa rahisi na za haraka. Kimono ikarudi, lakini ikiwa vazi la sherehe, na kizazi kilichokua bila kuivaa kikalazimika kulipia masomo ya kujifunga. Shule hizo zilienea kuanzia miaka ya 1960. Masharti mengi yanayowatisha watu leo yalikazwa hapo. Bibi wa 1920 aliyevaa kimono akiosha vyombo hakupima mkunjo wake kwa rula.

## Kitambaa na mshono

14. Kimono hukatwaje?

Kwa mistari iliyonyooka. Jora moja la kimono, tan, lina upana wa sentimita 36 hadi 38 na urefu wa mita 12 hivi, nalo hutosha nguo moja ya mtu mzima. Hukatwa vipande vinane: viwili vya mwili vinavyopita begani bila mshono kutoka pindo la mbele hadi la nyuma, viwili vya mikono, viwili vyembamba vya kuongezea mbele, ukosi, na kifuniko cha ukosi. Hakuna duara la shingo wala la kwapa linalotupwa. Panapozidi hapakatwi, hukunjwa ndani.

Kwa sababu hiyo nguo hufumulika ikarudi kuwa jora. Zamani kimono ya hariri ilifuliwa hivyo: inafumuliwa yote, vipande vinashonwa pamoja kuwa kitambaa kirefu, kinafuliwa, kinavutwa kukauka juu ya ubao au kwa vijiti vya mwanzi, kisha kinashonwa upya. Palipochakaa pakageuziwa ndani. Ya mama ikawa ya mtoto, ya mtoto ikawa foronya ya godoro, foronya ikawa nepi, nepi ikawa tambara la sakafu.

15. Maskini nao walivaa hariri?

Hapana. Kwa karne nyingi nguo zao zilikuwa za asa, yaani nyuzi za mimea kama bangi na rami, ngumu na baridi. Pamba ilianza kulimwa sana karne ya 16 na ya 17, na pamoja nayo rangi ya nili, hasa ya Awa, ambako leo ni Tokushima. Kaskazini pamba haioti kwa baridi. Matambara ya pamba yaliyochoka ya Osaka na Kyoto yalisafirishwa huko kwa meli, wakayapanga tabaka juu ya tabaka na kuyashona kwa mishono midogo ya sashiko. Biashara ya mitumba haikuanza jana.

Visiwa vya kusini vina jambo litakalomfurahisha msomaji wa Bukoba. Okinawa hufuma bashofu, kitambaa chepesi cha kiangazi kinachotokana na mgomba. Ni aina ya mgomba wa nyuzi, sio wa ndizi za kula. Mashina huambuliwa, huchemshwa kwa maji ya majivu, na nyuzi huunganishwa moja moja kwa kidole. Kijiji cha Kijoka ndicho kinachojulikana zaidi kwa kazi hiyo.

16. Yuzen, Nishijin na tsumugi ni nini?

Yuzen ni uchoraji kwa rangi juu ya hariri. Jina ni la Miyazaki Yuzensai, mchoraji wa Kyoto wa vipepeo vya kujipepea mwishoni mwa karne ya 17. Uji mzito wa mchele hupakwa kama uzi mwembamba kuzunguka kila ua, rangi hutiwa kwa brashi, uji ukaizuia isitambae. Anayejua batiki ataelewa mara moja, nta tu ndiyo imebadilishwa na mchele. Kwa kuwa tarizi ya dhahabu ilikatazwa na brashi haikukatazwa, yuzen ilipata soko.

Nishijin ni mtaa wa wafumaji wa Kyoto. Maana yake kambi ya magharibi, kwa sababu jeshi moja la vita vya Onin (1467–1477) lilipiga kambi hapo. Mwaka 1872 wafumaji watatu walitumwa Lyon, Ufaransa, kujifunza mitambo ya kufumia michoro iitwayo jacquard, ambayo bado hufuma obi nyingi unazoziona.

Tsumugi ni hariri ya nyuzi zilizosokotwa kutokana na vifukofuko vibovu, ina vinundu na haing'ai. Bei yake inaweza kuwa kubwa kuliko ya yuzen, lakini huwezi kuivaa arusini. Ni ya kutembelea.

## Kimono leo

17. Huvaliwa lini siku hizi?

Watoto wa miaka 3, 5 na 7 huvishwa Novemba kwa sherehe ya Shichi-go-san. Wasichana huvaa furisode, yenye mikono mirefu sana, siku ya kutimiza utu uzima, Jumatatu ya pili ya Januari. Umri wa kisheria ulishushwa kutoka 20 hadi 18 Aprili 2022, ila miji mingi imeendelea na sherehe ya miaka 20. Kisha arusi, misiba, hafla za chai, na yukata kwenye fataki za kiangazi. Wapo wanaoivaa kila siku kwa kazi yao, kama geisha, wanawake watumbuizaji wa jadi, na mabwana wa mieleka ya sumo.

Furisode mpya hugharimu yeni laki kadhaa, hivyo wengi hukodi.

18. Nitatofautishaje ya harusi, ya msiba na ya kawaida?

Tazama mikono, nembo na mahali pa mchoro. Mikono mirefu ni ya asiyeolewa. Nembo za ukoo zikiwa tano, nyeupe, ni urasmi wa juu kabisa. Nyeusi yenye nembo tano na mchoro pindoni tu ni tomesode, huvaliwa na mama wa bibi au bwana arusi. Nyeusi tupu, mshipi mweusi, ni ya msiba; usiivae kwenye sherehe kwa sababu umeipenda. Mchoro unaojirudia mwili mzima ni komon, ya matembezi. Bibi arusi wa jadi huvaa nyeupe yote, shiromuku, kisha hubadilisha joho la rangi.

19. Kuna kimono ya majira?

Ndiyo. Yenye bitana kuanzia Oktoba hadi Mei, isiyo na bitana Juni na Septemba, na kitambaa chenye vitundu Julai na Agosti. Kwa joto la miaka hii wengi huvua bitana mapema na hawaombi radhi.

20. Mgeni akivaa ni dharau?

Wajapani wengi hufurahi, na maduka ya kukodisha ya Kyoto na ya mtaa wa Asakusa, Tokyo, yanawategemea wageni. Kinachoudhi ni kuigeuza mzaha au kuifanya mali yako. Mwaka 2019 Kim Kardashian, nyota wa televisheni wa Marekani, alipotaka kuuza nguo za ndani kwa jina la Kimono, meya wa Kyoto alimwandikia barua akimwomba afikirie upya, na jina likabadilishwa.

Kuna pia wale wanaoitwa kwa utani "polisi wa kimono": mtu usiyemjua anayekurekebisha mkunjo barabarani. Mwache. Na yule bibi wa swali la 6 simhesabu humo. Alinivua katika mavazi ya maiti.

21. Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, ila si wa kimono yenyewe. Kabla viwanda vyetu havijaanza, kanga zetu zilichapwa nje, India, Ulaya na Japani, na viwanda vya Japani viliendelea na soko hilo hata baada ya Vita vya Pili. Mtu wa Osaka aliyeandaa maandishi ya Kiswahili asiyoyasoma amefunika mabega ya bibi zetu wengi.

Kwa upande wa pili, Serge Mouangue, mbunifu aliyezaliwa Kamerun, ameshona kimono kwa vitambaa vya Kiafrika chini ya jina la Wafrica. Na kile kijikoti chepesi kilicho wazi mbele kinachouzwa Kariakoo kwa jina la kimono ni mtindo wa kimataifa tu. Hakina mshipi wala ukosi wake.

22. Nimepata kimono ya mtumba. Nifanye nini?

Kwanza iangalie dhidi ya mwanga, hasa mgongoni kwenye makalio, ambako hariri ya zamani hupasuka ukikaa. Kagua ukosi kwa madoa ya poda, na bitana nyeupe kwa vidoti vya kahawia vya ukungu. Hivyo havitoki kwa sabuni. Usiichovye majini kabla hujajua kitambaa. Pamba na poliesta hufulika, hariri hujikunja.

Kipimo: ya mwanamke hutakiwa kulingana na urefu wako wote, kwa sababu ziada hukunjwa kiunoni chini ya mshipi. Ikiwa fupi, ivae bila mkunjo huo. Mikono ikiwa mifupi, pindua mshono wa begani. Mara nyingi kuna sentimita mbili tatu zimefichwa (swali la 14).

Kuikata kushona gauni? Ni yako. Ila kabla ya kuchukua mkasi, chukua kifumulio. Uzi wake wa mkono hutoka kwa urahisi, na ukimaliza utakuwa na kitambaa kizima mezani, kina mistari hafifu ya pale kilipokuwa kimeshonwa.